Mzabibu wa Uani: Starehe au Israfu?

Kwamba Dodoma ni mji wa zabibu, hakuna anayebisha. Ubishi umehamia uani. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa vitendo mwaka 2016, viwanja vimepimwa kila upande wa mji, nyumba zimejengwa, na mtu akishamaliza ukuta na geti huanza kuwaza apande nini. Wengi wanataka mizabibu: mche mmoja juu ya baraza, au michache kando ya ukuta. Hawana nia ya kuuza. Wanataka kuitunza wenyewe, kuichuma wenyewe na kukaa chini ya majani yake. Je, ni haki, katika mji ambao maji huja kwa mgao na ambao zabibu ni riziki ya watu wa vijiji vyake?

Hoja hiyo nimeipanga hapa kwa sauti tano. Nimezipa kazi badala ya majina, kwa sababu ni sauti nilizozitunga kutokana na mambo yanayosemwa mabarazani. Niseme mapema kwamba mimi niko upande wa uani. Hata hivyo nataka wapinzani wasikike sawasawa, maana hoja zao zina uzito.

MWALIMU MSTAAFU: Nianze mimi, kwa kuwa ndimi mwenye mzabibu. Ni mche mmoja tu. Umepanda nguzo ya chuma mpaka kwenye waya, ukatandaa juu ya uwanja mdogo wa mbele. Saa nane mchana, wakati ndani ya nyumba bati linawaka, chini yake panakalika. Nikishakunywa chai ya asubuhi nachukua mkasi na kamba, nazunguka. Tawi hili nalifunga, jani lile nalitoa, kichala kilichobanana nakipunguza punje. Sipigi hesabu ya faida. Mtu aliyezoea kuamka kwa kengele ya shule miaka yote anahitaji kitu kinachomngoja asubuhi. Na msidhani mzabibu wa nyumbani ni jambo la kupita. Mjini Maribor, Slovenia, uko mzabibu ulioegemea ukuta wa nyumba kwa zaidi ya miaka 400, na bado unazaa. Ule wa kasri la Hampton Court, Uingereza, ulipandwa mwaka 1768, nao unazaa mpaka leo. Miche hiyo imeishi hivyo kwa sababu ilikuwa karibu na watu.

MKULIMA WA HOMBOLO: Mwalimu, nakuheshimu, umenifundishia watoto. Lakini hapa sikubaliani nawe. Wamisionari wa Kiitaliano walipoleta mizabibu pale Bihawana, mwaka unaotajwa ni 1957, sisi Wagogo tulikuwa watu wa uwele, mtama na ng'ombe. Tumejifunza mmea huu kwa jasho. Kwangu zabibu ni ada ya shule na dawa ya hospitali. Upo msimu ambao vichala vimeiva, mnunuzi haonekani, na punje zinaanza kupasuka shambani. Ukiniambia mtu mwenye mshahara anataka kupanda za kwake ili apate cha kuchuma jioni, mimi naona mteja mmoja ameondoka. Na hilo ni dogo. Kubwa ni ugonjwa. Mzabibu wa uani hupendwa mwaka wa kwanza, hupigwa picha mwaka wa pili, mwaka wa tatu umesahauliwa. Umeota kama kichaka, haujui mkasi, majani yana unga mweupe. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ule unga unaishia wapi?

AFISA UGANI: Mzee ana haki, na nitaeleza kwa nini. Magonjwa yanayotusumbua zaidi ni mawili. Ubwiri unga haungoji mvua. Hupenda joto la wastani na kivuli cha majani yaliyosongamana, na vimelea vyake husafiri kwa upepo. Ubwiri vinyoya unahitaji majani yaliyolowa, ndiyo maana hutushambulia wakati wa mvua. Sasa tazama mizabibu mingi ya nyumbani: dari nene la majani, jua halipenyi, hewa haipiti. Mwenyewe anafurahia kivuli, na ubwiri unga nao unafurahia hicho hicho.

MWALIMU MSTAAFU: Wangu naupogoa, mwanangu.

AFISA UGANI: Najua, Mwalimu, ndiyo maana bado unazaa. Lakini wenzako wengi hawajui kwamba hapa kwetu kupogoa si usafi wa mti. Ulaya baridi huja, majani hudondoka, mzabibu unalala miezi kadhaa, kisha joto likirudi macho yote ya matawi, yanamotoka machipukizi, huamka karibu kwa pamoja. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mwinuko wake ni kama mita 1,100. Baridi yetu ya Juni na Julai inatosha kumvalisha mtu sweta, haitoshi kuulaza mzabibu. Ukiuacha utaendelea kuota kwenye ncha tu, mwaka mzima, matawi marefu yasiyo na maana, na matunda machache yanayoiva ovyo. Mwaka wa mzabibu wetu huanza siku mtu anapoukata. Ukikata leo, baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana wakulima wetu huvuna mara mbili, kuanzia Machi na tena Agosti na Septemba.

Hapa nawakatiza, kwa sababu wasomaji wengi hawajawahi kuona kupogoa kwa karibu. Tafuta tawi lililokomaa: rangi yake ni kahawia, ganda limekauka kidogo, unene ni wa penseli. Anzia pale linapotoka kwenye mkono mkuu wa mche, uhesabu macho. La kwanza, la pili. Kata juu ya jicho la pili, uache kipande kidogo mbele yake ili jicho lisikauke. Kama mizizi ina maji, baada ya muda tone safi litajitokeza kwenye kidonda, litadondoka, litafuata jingine, hata kwa siku kadhaa. Usiogope, na usipake udongo. Wiki ya pili jicho linavimba, linafunguka vimanyoya vyenye wekundu, kisha kijani. Chipukizi likifika urefu wa kiganja, angalia karibu na jani la tatu au la nne, upande wa pili wa kikonyo chake. Hapo ndipo kichala kinapochungulia, kidogo kuliko punje ya mchele, kimejikunja. Mwenye mche mmoja anaweza kukaa na kitu hicho asubuhi nzima. Mwenye ekari tatu hana nafasi hiyo, na sioni sababu ya mtu kuona haya kwamba yeye anayo.

MAMA JIRANI: Vizuri sana. Mmesema ugonjwa, mmesema macho. Nani atasema ndoo? Sisi kwetu bomba linatoka siku zake, na likitoka ni usiku. Ninaamka mimi. Ninajaza mapipa mimi. Mwalimu, wewe unakaa chini ya kivuli, lakini kwenye nyumba nyingi mzabibu ni starehe ya baba na mgongo wa mama, au wa yule binti wa kazi. Binti wa ugani, hebu tuambie kitaalamu, mche kama wa Mwalimu unakunywa kiasi gani?

AFISA UGANI: Tupige hesabu pamoja, Mama. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dari la mita za mraba 10, likipoteza milimita 3 kwa siku ya kiangazi, ni lita 30. Siku ya upepo mkali huzidi.

MAMA JIRANI: Dumu moja na nusu kila siku. Kwa mwezi ni madumu 45. Mimi kwa madumu 45 nafua na kupika siku nyingi. Na kama ni kivuli, mwarobaini unatoa kivuli wala hauniamshi usiku.

MTUMISHI ALIYEHAMIA: Shikamooni wazee wangu. Mimi nimekuja na ofisi kutoka Dar es Salaam, ndiyo kwanza nimejenga. Nilitaka kuuliza: maji si yale ya jikoni na ya kufulia? Yanamwagwa tu.

AFISA UGANI: Ya kusuuzia mboga na mchele, mwaga bila wasiwasi. Ya kufulia, suuza ya mwisho tu. Sabuni nyingi za unga zina chumvichumvi ya sodiamu, na mzabibu hauivumilii. Utaona kingo za majani zinaungua kama zilizopitishwa kwenye moto, na udongo wako utaharibika polepole. Lakini, Mama, nina jibu jingine, tena halihusu ndoo. Linahusu kalenda.

Hapa ndipo mjadala ulipogeuka, na kwa maoni yangu ndipo ulipoiva. Nawaacha waendelee.

AFISA UGANI: Mavuno ya Machi yanaiva mvua ikiwa bado inanyesha. Hayahitaji umwagiliaji mkubwa, lakini yanahitaji dawa, tena mara kwa mara, kwa sababu ya ubwiri vinyoya. Mavuno ya Agosti huwa safi, sukari inapanda, upepo mkavu unakausha kila kitu, lakini yanataka maji. Mkulima anachukua yote mawili kwa sababu anahitaji fedha. Mtu wa uani si lazima. Katika jimbo la Maharashtra, India, wakulima wa zabibu hupogoa mara mbili na kuvuna mara moja. Aprili wanakata ili kukuza matawi, Oktoba wanakata ili kuzaa, mvua zao zikiwa zimepita. Sisi majira yetu yako kinyume, basi tugeuze. Kata mapema Desemba, mvua zikianza. Matawi mapya yanakua kwa maji ya Mungu. Vichala vitakavyochungulia, vinyofoe vyote. Panga matawi yapigwe jua, kwa sababu kichala cha Agosti huanza kutengenezwa ndani ya jicho miezi hiyo ya mvua, kabla hujakiona. Kisha mwanzoni mwa Mei kata kwa ajili ya tunda. Mwisho wa Agosti unachuma.

MKULIMA WA HOMBOLO: Kunyofoa vichala vyote? Binti yangu, hiyo mimi siwezi.

AFISA UGANI: Wewe huwezi, Mzee, una ada ya kulipa, na sikushauri. Yeye anaweza. Hana anachopoteza.

MKULIMA WA HOMBOLO: Hapo umenena. Na asipokuwa na matunda wakati wa mvua hatapiga dawa hovyo.

AFISA UGANI: Atapiga kidogo, kulinda majani tu. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa unatosha. Huko Bordeaux, Ufaransa, wakulima waliupaka kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wasichume. Profesa Millardet akaona kwamba mizabibu hiyo ndiyo iliyobaki na majani wakati mingine imeanguka kwa ubwiri vinyoya, na mwaka 1885 akatangaza matumizi yake. Kwa ubwiri unga kuna salfa, ile ile ya wakulima wa korosho kule Mtwara. Ipigwe asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana kwenye joto kubwa huunguza majani.

MAMA JIRANI: Bado hujanijibu. Mei mpaka Agosti ndiyo miezi ya mgao wenyewe.

AFISA UGANI: Najibu, Mama. Siku 120 kwa lita 30 ni lita 3,600. Sasa tazama paa. Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 50,000. Zinapotea kwenye mfereji. Tangi moja la lita 5,000, likijazwa Machi na kufungwa, linabeba mche mmoja wa mita 10 za mraba mpaka mavuno, na linabakiza. Ukitandaza majani makavu juu ya shina, hata hizo 30 zitapungua. Ukishachuma, hupogoi tena mpaka Desemba. Unaupumzisha, unaupa maji ya kuuzuia usife tu.

MAMA JIRANI: Tangi ni fedha. Na tangi likiwa limejaa, bomba limekauka, mtoto anahitaji kuoga, nani atawaza zabibu?

MWALIMU MSTAAFU: Mtoto kwanza, Mama. Mwaka huo tutapogoa na hatutavuna.

MAMA JIRANI: Ukisema hivyo mbele ya mashahidi, mimi nanyamaza. Ila ndoo ubebe mwenyewe.

Mtumishi alikuwa na lake, na lilikuwa la hatari. Alitaka kuleta vipande vya mzabibu usio na mbegu kutoka Afrika Kusini, akivifunga kwenye nguo ndani ya begi.

MKULIMA WA HOMBOLO: Hilo hapana. Hapana kabisa.

AFISA UGANI: Kaka, katika miaka ya 1860 mdudu mdogo wa mizizi, filoksera, aliingia Ufaransa akiwa kwenye mizabibu iliyotoka Amerika. Aliangamiza mashamba karibu nchi nzima, na dawa iliyopatikana ni kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kiamerika. Mwaka 1886 alionekana Rasi ya Tumaini Jema, huko huko Afrika Kusini. Mimea haiingizwi nchini bila kibali na ukaguzi, na kazi hiyo ina mamlaka yake, TPHPA. Begi lako linaweza kumaliza Hombolo nzima. Isitoshe, aina kama Thompson Seedless haizai vizuri kwenye macho ya chini. Ukiikata kwa macho mawili kama tulivyoeleza, utapata majani. Anza na Makutupora nyekundu, ambayo imezoea hapa, au Chenin Blanc.

MTUMISHI ALIYEHAMIA: Na ile dawa ya kuamsha macho inayotumika India na Brazil?

AFISA UGANI: Hidrojeni sayanamidi. Hiyo usiiweke nyumbani. Ni sumu ya kupenya ngozi, na aliyeishika akinywa pombe, hata kidogo, anaweza kuugua vibaya. Kwa mche mmoja una vidole na una muda. Kata vizuri na utoe majani ya zamani kwa mkono. Macho yataamka.

Waligusia divai pia, lakini hawakukawia. Mama alisema kwao haiingii, na hakuna aliyembishia. Zabibu za Agosti huliwa mbichi, hukamuliwa sharubati, na kwa sababu huchumwa kiangazi hukaushwa juani bila taabu. Kilo nne hivi za mbichi hutoa kilo moja ya zabibu kavu za kutia kwenye pilau. Majani machanga yakichemshwa kidogo hufungiwa wali na nyama, kama wafanyavyo Waturuki na Waarabu wa Shamu. Mchwa nao walizungumzwa: hula nguzo za miti kwanza, kisha hugeukia shina. Kwa hiyo nguzo ziwe za chuma au zege, na pori la Dodoma, ambalo limekwisha kukatwa vya kutosha, lipumzike.

Sasa hukumu yangu. Mkulima alidai kwamba mpenda burudani ni hatari kwa sababu hategemei mzabibu. Mimi nasema kutotegemea huko, kukiwa na nidhamu, ndiko kunakompa haki ya kuwa nao. Anayevuna kwa njaa ya fedha hawezi kuusamehe mche msimu mmoja. Wa uani anaweza kukataa mavuno ya mvua na kupunguza dawa, anaweza kukataa hata ya kiangazi maji yakikosekana, na anaweza kung'oa mche mgonjwa siku hiyo hiyo bila mtoto yeyote kurudishwa nyumbani kwa ada. Uhuru huo ukitumiwa, mzabibu wake haumdhuru mtu yeyote. Asipoutumia, akaacha kichaka chenye unga mweupe kando ya ukuta wa jirani, basi Mkulima yuko sahihi na mimi nitamsaidia kubeba shoka.

Kwa hiyo kura yangu ni ndiyo, kwa masharti ya wapinzani wenyewe. Mche mmoja kwa kila tangi la lita 5,000 la maji ya paa, usizidi hapo. Mpogoaji ndiye awe mbeba maji. Mche utoke hapa nchini, kwa mtu anayejulikana. Aliye na safari nyingi za kikazi mwezi Mei asipande, anunue Hombolo, na asiombe kupunguziwa bei.

Anayetaka kuanza mwaka huu achimbe shimo mwezi Oktoba, kina cha futi mbili, achanganye udongo wa juu na samadi iliyoiva, na kabla ya mvua za Desemba aende akaulize miche safi kwenye kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora. Mwaka wa kwanza asitegemee tunda.